Spika ya Jikoni kwa Njogu

Inspekta Nzomo aliamini kwamba wajinga hugawanyika mafungu mawili: wanaolipwa na serikali na wanaojilipa wenyewe. Alhamisi hiyo mchana alianza na fungu la kwanza, kwa sababu lilikuwa karibu. Lilikuwa limekaa mbele yake, limevaa sare, na linaitwa Koplo Mutiso.

"Nieleze tena ulivyomkamata huyo msichana," alisema.

Mutiso alieleza. Jumanne jioni Mzee Njogu, mwenye duka la jumla pale sokoni Kithimani, alirudi kutoka Thika akakuta hati ya shamba lake la Ndithini imeibwa. Mlango haukuvunjwa wala dirisha. Kufuli la sanduku lililokuwa na hati lilikuwa limekatwa kwa msumeno. Mutindi, msichana wa kazi, ndiye aliyeachiwa ufunguo wa mlango wa nyuma, na ndiye aliyepatikana stejini na furushi, akilia, akitafuta gari la kwenda Kivaa.

"Ameiba hati ya shamba," Nzomo alisema, "halafu anasimama stejini mbele ya soko zima akilia."

"Wengine hulia kwa hofu, afande."

"Hati ulimpata nayo?"

"Hapana. Labda alikuwa amempa mwenzake."

"Labda. Siku neno hilo likipigwa marufuku, kituo hiki kizima kitakuwa cha mabubu. Kwenye furushi kulikuwa na nini?"

"Leso, sukari na majani chai. Tumeviweka kama vizibiti."

Kesho asubuhi msichana angepelekwa mahakamani Machakos kwa ushahidi wa sukari na machozi, na kwa jina la Njogu lilivyo zito, hangerudi upesi. Inspekta alitaka kumwona kabla ya hapo.

Mutindi aliletwa. Alikuwa msichana mwembamba wa miaka kama ishirini hivi, macho yamevimba, na alikaa ukingoni mwa kiti kama mtu anayetarajia kuambiwa asimame.

"Ulikuwa unakimbilia wapi?"

"Kivaa, afande. Susu amefariki. Ndiye alinilea."

"Nani alikuambia nyanya yako amefariki? Uko na simu?"

"Sina."

"Kuna mtu alikuja nyumbani? Ulienda sokoni?"

"Hakuna mtu alikuja. Nilisikia kwa redio. Kwa ile spika ya jikoni."

Mutiso alicheka puani. "Afande, hapo ndipo nilijua ni mwongo. Familia yote inasema hiyo spika haijasema neno tangu mwezi jana."

"Koplo, ukitaka kucheka, kuna ua hapo nje." Nzomo alimrudia msichana. "Hiyo spika ni ya aina gani?"

Mutindi alieleza alivyoweza. Zilikuwa spika nne zisizo na waya, ambazo Kinyua, mtoto mkubwa wa mzee, alizileta kutoka Dubai: moja sebuleni, moja chumbani, moja barazani na moja jikoni. Jiko lilikuwa nje, ng'ambo ya ua. Redio yenyewe ilikuwa sebuleni, imeunganishwa na kidude kidogo walichokiita transmita, na kidude hicho ndicho kilichorusha sauti kwa spika zote. Mzee alipenda watu wote wa boma wasikie maombi ya asubuhi, na yeye Mutindi asikie akiwa anapika, asipoteze saa ya kazi. Kisha za mbali zikanyamaza, hata ya jikoni. Akaambiwa asiiguse, na hakuigusa.

"Na Jumanne?"

"Nilikuwa nachambua maharagwe. Saa ya mchana mzee akienda safari huwa anazima swichi kuu, stima yote inapotea mpaka jikoni. Sasa nikaona taa ndogo ya spika imewaka. Ikaanza kukoroma tu, krrr. Nikafikiria mzee amerudi."

"Ikakoroma tu?"

"Kwanza. Halafu ikasema wazi kabisa. Walikuwa wanasoma matangazo ya vifo. Wakataja Kamanthe wa Kivaa, wakataja watoto wake, wakataja jina langu." Alijifuta macho. "Sikungoja. Nilichukua vitu vyangu nikatoka kwa mlango wa ua. Hata sikufunga."

"Ilikoroma kwanza, halafu ikasema. Una hakika na mpangilio huo?"

"Ndiyo, afande."

Nzomo alimrudisha mahabusu, akapiga simu Kivaa. Naibu wa chifu wa huko alikuwa mtu wa maneno mengi asiye na haraka, lakini mwishowe alisema lililotakiwa. Kamanthe alifariki Jumatatu na angezikwa kesho Ijumaa. Jamaa zake hawakumtuma mtu yeyote Kithimani, walitegemea redio. Tangazo lilisomwa mara moja tu, Jumanne, katika matangazo ya saa kumi ya stesheni ya Kikamba.

"Asante," alisema Nzomo, akakata kabla hajaulizwa habari za mvua.

Alichukua kofia. "Twende, Mutiso. Tunakwenda kutengeneza spika."

*

Sebule ya Njogu ilikuwa imevishwa. Viti vilivaa vitambaa vya kufuma, meza ilivaa, televisheni ilivaa, na spika iliyokuwa pembeni ilivaa kitambaa cheupe chenye maua kama bibi harusi. Kitu kimoja tu kilikuwa uchi. Juu ya kabati, palipo na heshima kuu ya nyumba, palikaa sanduku la bati nene lililochomelewa kwa mkono usio na haya, limepakwa rangi ya kijani, lina matundu machache ya hewa na mlango mdogo wenye kufuli jipya kubwa kama ngumi. Waya mmoja ulitoka kwenye redio ukaingia ndani kupitia tundu.

"Hiyo ni nini?" Nzomo aliuliza, ingawa alishajua, na moyo wake wa dharau ulikuwa umeanza kufurahi.

"Usalama," alijibu Mzee Njogu. Alikuwa mtu mfupi mwenye koti la suti na raba za shamba. "Hiyo transmita ni kitu ya kuletwa na ndege, afande. Ni ndogo. Mwizi anaweza kutia mfukoni. Redio ni nzito, hiyo siogopi. Kwa hivyo nikaiwekea nyumba yake."

"Na hati ya shamba?"

"Kwa sababu kulikuwa na kufuli, nikaona niweke hati humo pia."

"Na tangu uijengee nyumba, spika za mbali zikanyamaza."

"Hizo ni mambo tofauti," mzee alisema.

Muringo, mkewe, aliingia na trei ya chai. Yeye siku ya wizi alikuwa dukani kutoka asubuhi, mbele ya wateja wa siku ya soko, na alikuwa na maelezo yake kuhusu spika. "Pasta alikuja akaziombea. Alisema kuna roho ya kuziba masikio katika hii boma."

"Hapo pasta hakukosea sana," Nzomo alisema, akapokea kikombe.

Fundi Mulwa, aliyekuwa ameitwa kwa ajili ya shughuli hiyo, alikuwa ameketi karibu na mlango na mkoba wa bisibisi mapajani. Yeye alikuwa na elimu, na alitaka ijulikane. "Mkubwa, mimi nilishasema. Ni interference. Jirani hapo ako na simu ya kutembea nayo ndani ya nyumba. Zinagongana hewani."

"Umewahi kumwambia jirani azime, ukajaribu?"

"Hapana, lakini ni interference."

"Na transmita umeikagua mara ngapi?"

Mulwa alimtazama Njogu. "Sijaiona, mkubwa."

"Hujaiona."

"Mzee hafungui sanduku kukiwa na wageni."

Nzomo aliweka kikombe mezani polepole. Mwezi mzima mtu huyu alikuwa akija kutengeneza spika ambazo chanzo chake hajawahi kukitia machoni, akabadilisha soketi na kusugua nyaya, na kila alipoondoka alilipwa. Njogu, aliyeogopa mwizi wa transmita, alikuwa amemkaribisha mwingine kwa chai na mkate.

"Tutafanya kazi kwa utaratibu," alisema. "Mutiso, nenda kwa jirani, mwambie achomoe simu yake ukutani. Kisha nenda jikoni, usimame kando ya spika, upige kelele ukisikia kitu. Kelele unajua kupiga. Mzee, washa swichi kuu. Redio?"

"Redio huwa siizimi. Nikikata swichi kuu, imezimika, nikirudisha, imeamka. Kwa nini nichoshe kitufe?"

Swichi kuu ilipandishwa. Redio ikaamka yenyewe, na spika ya sebuleni, iliyokuwa hatua chache kutoka kwenye sanduku, ikaimba wimbo wa kwaya kutoka chini ya kitambaa chake.

"Jirani amechomoa!" sauti ya Mutiso ikaja kutoka uani, na baada ya kitambo: "Hii ya jikoni inakoroma tu, afande!"

Nzomo alimgeukia Mulwa. "Interference yako imechomolewa ukutani."

Fundi alianza kutafuta kitu muhimu sana ndani ya mkoba.

"Sasa mzee, fungua sanduku."

"Kukiwa na..." Njogu aliwatazama watu waliokuwamo.

"Fungua, ama nitalifungua kwa tindo."

Njogu alifungua. Mlango wa bati ulipolia na kuachia, Mutiso alipiga ukelele huko nje, na hata sebuleni wote waliisikia kwaya ikitoka ng'ambo ya ua, safi, kana kwamba waimbaji wamekaa juu ya mafiga. Nzomo aliusukuma mlango, kwaya ya jikoni ikafa. Aliufungua, ikafufuka. Alirudia mara kadhaa, si kwa sababu ilihitajika, ila kwa sababu alipenda kuutazama uso wa Njogu.

"Mawimbi ya transmita hayafiki mbali kupitia bati, mzee. Ulikiweka gerezani kitu ambacho kazi yake ni kurusha sauti nje, halafu ukaleta pasta."

Muringo alitazama trei.

"Basi tusikilize alivyosema Mutindi," Nzomo aliendelea. "Kwanza taa iliwaka na spika ikakoroma: mtu alikuwa amepandisha swichi kuu, na sanduku limefungwa. Kisha ikasema: mtu huyo alikuwa amefungua sanduku. Na wakati huo redio ilikuwa inasoma matangazo ya saa kumi, kwa sababu alimsikia nyanya yake akitajwa, na Kivaa wameniambia jina lilisomwa mara moja tu. Msichana hakuzusha. Alisikia wizi wenu ukifanyika, hewani, na alichoelewa ni kwamba amefiwa."

"Huenda ni yeye mwenyewe alifungua," mtu alisema.

Aliyesema alikuwa Kinyua, kifungua mimba wa Njogu, aliyekuwa ameegemea mlango wa korido tangu mwanzo, funguo za gari zikizunguka kidoleni. Alivaa miwani ya jua ndani ya nyumba. Jumanne, kwa maelezo yake, alikuwa Ndithini akiangalia mahindi mpaka usiku.

"Akiwa hapa sebuleni, angeisikiaje ya jikoni?" Nzomo alimuuliza. "Na tuseme alisikia ya hapa. Alifungua kwa kitu gani? Nipe lile kufuli lililokatwa, mzee."

Njogu alimpa. Nzomo alililinganisha na pete ya sanduku. "Chuma hiki kimekatwa kwa msumeno. Ukikata kufuli likiwa mahali pake, meno ya msumeno huumwa na pete, na unga wa chuma humwagika chini. Tazameni pete. Rangi ya kijani haina hata mkwaruzo. Na kitambaa kilichotandikwa chini, mama, ulikifua tangu Jumanne?"

"Hapana," alisema Muringo. "Koplo alisema tusiguse kitu."

"Mara moja katika maisha yake amesema la maana. Kitambaa ni cheupe pepe. Hili kufuli lilifunguliwa kwa ufunguo, likapelekwa mahali, likakatwa, likarudishwa liwe ushahidi. Mwizi wa nje hana haja ya mchezo huo. Tena mwizi wa nje angeiacha transmita ya ndege?" Aliligeuza kufuli mkononi. "Lilikuwa na funguo ngapi?"

"Mbili," Njogu alisema, na sauti yake ilikuwa imepungua. "Mmoja niko nao mimi. Mwingine nilimpa Kinyua, kwa sababu yeye ndiye anajua hizi vitu."

"Wewe ulikuwa Thika na wenye maduka wenzako. Tumewauliza."

"Afande, mtoto wangu hawezi."

Nzomo alizungumza akitazama matundu ya sanduku, kama mtu anayejisimulia. "Mtu aliingia kwa mlango wa mbele. Pazia zimefungwa, humu ni giza. Akapandisha swichi kuu apate taa, na redio ikaamka bila kuulizwa. Hakujali. Akafungua sanduku kwa ufunguo, akatoa hati, na muda wote huo jikoni matangazo yanasomwa kama mahubiri."

"Haiwezekani," Kinyua alisema. "Sauti ilikuwa imepunguzwa mpaka chini. Haingefika jikoni."

Funguo ziliacha kuzunguka.

"Nani amesema ilipunguzwa?" Nzomo aliuliza.

Kinyua alivua miwani. Alimtazama mama yake, akamtazama baba yake, na hapakuwa na aliyemsaidia.

"Mimi sikutaja sauti kuwa chini wala juu," Nzomo alisema. "Mulwa, kitu kimoja tu, na ukikijua nitakusamehe mengine. Ukipunguza hii spika ya sebuleni, ya jikoni inapungua?"

"Hapana, mkubwa. Kila spika iko na kitufe yake."

"Kila spika ina kitufe chake. Wewe bwana ulizitoa Dubai, ukatutambia soko zima, na hukuwahi kusoma hata hilo. Ulipunguza ya hapa, ukajiona mjanja, na ya jikoni ikaendelea kusema kwa sauti ile ile. Leta funguo."

Kati ya funguo za gari kulikuwa na mmoja mdogo wa shaba. Uliingia katika kufuli lililokatwa ukazunguka bila taabu. Mutiso, aliyekuwa amerudi na kusimama mlangoni, alitumwa kwenye gari, na haikuchukua muda akarudi na hati ya Ndithini, iliyokuwa imefichwa chini ya kitambaa cha kiti. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Hawakuongeza kwamba mwenye nguo ndiye huwa wa mwisho kukubali kuivua.

"Shamba lilikuwa langu," Kinyua alisema. "Mimi ndiye mkubwa. Lingekuwa langu siku moja."

"Siku hiyo haikuwa Jumanne."

Mzee Njogu alimvuta Inspekta kando, karibu na televisheni yenye kitambaa. "Afande. Hii sasa si mambo ya korti. Ni mambo ya nyumbani. Baba na mtoto. Tutakaa chini, tutaongea."

"Ilipokuwa ya Mutindi ilikuwa ya korti."

"Huyo ni mtu wa nje."

Nzomo alikuwa amedharau wengi tangu mchana, lakini wote aliwadharau kwa raha. Huyu alimdharau bila raha yoyote. "Koplo, mtie pingu," alisema.

Kinyua alipotolewa, Muringo alianza kulia, akalia kwa kweli, na hakuna aliyemwambia kwamba kulia ni dalili ya wizi. Njogu alisimama mbele ya sanduku lake. Kwaya ilikuwa imekwisha na mtangazaji anasoma bei za mahindi, hapa na jikoni.

"Kwa hivyo, afande," aliuliza bila kugeuka, "nikitaka ziseme zote, niache mlango wazi?"

*

Jua lilikuwa bado juu Mutindi alipotolewa mahabusu. Nzomo mwenyewe alimkabidhi furushi: leso, sukari, majani chai. Mutiso alikuwa amesimama nyuma yake, ameambiwa aombe msamaha, na alikuwa anatafuta maneno ambayo hayana neno labda.

"Uko huru," Nzomo alisema. "Tumejua ni Kinyua. Spika ilisema kama ulivyoeleza. Tumeijaribu, imesema. Gari la serikali litakufikisha Kivaa leo, na mazishi ni kesho."

Alingoja ashukuru. Watu humshukuru polisi hata kwa kurudishiwa kilicho chao; ndivyo walivyofunzwa.

Mutindi alilishika furushi kifuani. "Imesema?"

"Ndiyo. Wao ndio waliokuwa waongo."

"Siku hizi zote," alisema polepole, "mama wa boma alisema hiyo spika haisemi. Mzee akasema haisemi. Huyu afande akasema nimeota. Mara ya kwanza nilikasirika. Halafu nikafikiria, hawa ni watu wengi, pengine ni mimi. Nikaanza kuomba Mungu wawe wanasema ukweli." Alilikaza furushi. "Nikajiambia, kama hiyo spika haisemi, basi susu yuko nyumbani, anakamua ng'ombe."

Tangu mchana Nzomo alikuwa anajua, kwa kinywa cha naibu wa chifu, na alikuwa ametembea na habari hiyo Kithimani nzima akiitumia kuwachapa wajinga. Hakuwahi kushuka mahabusu kumwambia mwenyewe.

"Kwa hivyo ni kweli," Mutindi alisema. "Amekufa."

"Ni kweli," Nzomo alisema. "Pole, mwanangu."

Msichana akakaa chini sakafuni pale pale kaunta, furushi mapajani, akalia kama alivyolia stejini. Inspekta alimwonyesha Mutiso kwa kidole atoke nje, kisha akavua kofia yake na kusimama karibu naye.